Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupamba Magurudumu

Karakana yetu iko Ndeeba, Kampala. Wateja wetu wanaozungumza Kiswahili ni wa kila aina: madereva wa malori yanayoingia kwa Malaba na Busia, askari wa Bombo, wafanyabiashara wa Arua, ndugu zetu kutoka Kongo, na vijana wa bodaboda. Maswali yao yanafanana, na mengi huulizwa wakati gari limeshapigwa jeki na rimu mpya zimeshalipiwa. Hapo ni kuchelewa kidogo. Ndiyo maana tumeyaandika.

Nina rimu za chuma na pesa kidogo. Nianze na nini?

Anza na maji, sabuni na brashi. Sitanii. Rimu nyingi zinazoletwa kwetu zikiitwa "mbovu" zimefunikwa na udongo mwekundu uliogandana na vumbi la breki, na chini yake rangi ya kiwandani bado ipo. Zikisafishwa, zikapigwa msasa na kupakwa nyeusi, gari linapendeza kuliko lile lililofungwa rimu kuukuu za aloi, yaani za aluminiamu, zenye mikwaruzo. Ukiona bado hujaridhika, ndipo utafute kofia za plastiki, zile zinazoitwa wilikepu.

Wilikepu zangu zinadondoka kila nikipita kwenye mashimo. Kwa nini?

Tazama kwanza kama zinalingana na rimu. Soma ubavu wa tairi: kama limeandikwa 185/70R14, namba iliyo baada ya R ndiyo kipimo cha rimu, kwa hiyo unahitaji kofia ya inchi 14. Halafu geuza kofia utazame ule waya wa duara unaosukuma meno yake ya plastiki. Ukilegea au ukikaa vibaya kofia haishiki, na ule upindo wa waya unatakiwa uangukie mahali pa valvu.

Kuzifunga kwa vile vikamba vya plastiki ni jambo la kawaida Kampala nzima na sisi hatulikatazi. Funga viwili au vitatu vinavyotazamana, vipitie tundu la kofia na tundu la rimu, kisha kata mikia. Chagua vyeusi, kwa sababu vyeupe huliwa na jua haraka. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kuliteremsha, uhakikishe hakuna kinachogusa breki.

Nitajuaje kama rimu za aloi zitaingia kwenye gari langu?

Usikubali kuambiwa "hizi ni za Toyota, zinaingia". Laza rimu kifudifudi usome mgongo wake. Utakuta maandishi kama 16x7J, ET38, na mara nyingine 5x100. Ya kwanza inasema rimu ina kipenyo cha inchi 16 na upana wa inchi 7. Ya mwisho inasema ina matundu matano ya nati yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Hiyo haina mjadala: gari la 5x100 halivai rimu ya 5x114.3, hata fundi akuapie kwamba "tutalazimisha".

ET ndiyo inayowaponza wengi. Ni milimita kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi ule uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa. Ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikizidi, linaingia ndani. Tuseme rimu zako za zamani ni 15x6J ET45 na unataka hizo 16x7J ET38. Inchi moja ya upana inagawanyika pande mbili, milimita 12.7 kila upande. ET imepungua kwa 7. Basi ukingo wa nje utatoka kwa milimita 19.7, karibu upana wa kidole gumba, na wa ndani utaingia kwa 5.7. Kwenye gari tupu lililosimama utaona limependeza. Pakia watu watano na magunia mawili ya ndizi, ndipo utasikia madigadi ikilia kwenye tairi.

Kitu cha tatu ni tundu la katikati. Hilo watu hulisahau, kwa hiyo tumelitengea swali lake.

Nina Premio. Nimeona rimu nzuri za Subaru kwenye soko la Kisekka. Zinaingia?

Swali hili peke yake tunaulizwa mara nyingi kuliko mengine yote. Premio za toleo la 2001 hadi 2007 ni 5x100, na Forester za zamani nazo ni 5x100. Nati zinapangika. Lakini tundu la katikati la rimu ya Subaru ni milimita 56.1, na habu ya Premio ni 54.1. Inabaki nafasi ya milimita moja kila upande. Ukiifunga hivyo hivyo, rimu inaning'inia kwenye nati badala ya kukaa kwenye habu, na ukifika kilomita 80 kwa saa usukani unaanza kutetemeka. Watu hulipia balansi mara tatu na mtetemo hauondoki. Dawa yake ni ringi nyembamba ya plastiki ngumu au aluminiamu inayojaza nafasi ile. Ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Kinyume chake hakiendi. Rimu ya Toyota yenye tundu la 54.1 haipiti kwenye habu ya Subaru ya 56.1. Itabidi ikatwe kwa mashine ya kuchongea vyuma, siyo kwa grainda ya mkononi chini ya mwembe. Na Forester za umbo lililotoka 2018 ni 5x114.3, kwa hiyo habari yake ni nyingine kabisa.

Usichanganye nati pia. Za Toyota ni M12 zenye hatua ya uzi ya 1.5, za Subaru ni M12 zenye 1.25. Zinafanana machoni, na nati isiyo yake huanza kuingia vizuri mizunguko miwili hivi kisha hukaza. Kijana mwenye nguvu na spana ndefu atailazimisha, na stadi, ile bolti ya habu inayoshika nati, itakuwa imekwisha.

Je, nati za zamani zinafaa kwenye rimu mpya?

Chukua nati moja, iweke kwa mkono kwenye tundu la rimu bila gari, uitikise. Nati za aloi za kiwandani za Toyota nyingi zina shingo ndefu na washa bapa, na tundu lake ni bapa vilevile. Rimu nyingi za kununua zina tundu lililochongwa kama faneli, nazo hutaka nati yenye kichwa cha mteremko. Nati bapa kwenye tundu la faneli inagusa kwenye ukingo mwembamba tu. Itakaza leo na kulegea keshokutwa.

Zile nati za zamani usizitupe. Weka seti moja pamoja na tairi la akiba, maana akiba nyingi ni za chuma, na usiku wa mvua njiani kwenda Gulu si mahali pa kugundua kwamba nati zako mpya nyekundu haziikazi rimu ile.

Inchi 17 au 18 zinafaa kwa barabara zetu?

Zinaingia, lakini tazama hesabu. Tairi la 195/65R15 lina ubavu wa karibu milimita 127. Ukienda 205/55R16, kipenyo chote kinabaki karibu kilekile, milimita 632 badala ya 634, ila ubavu unakuwa 113. Kwa 215/45R17 unabaki na 97, na kwa 225/40R18 ni 90. Ule ubavu ndio mto wa rimu yako. Shimo halijui kwamba umetumia pesa nyingi.

Maoni yangu, na wenzangu hapa karakana hawakubaliani nami wote: kwa gari dogo la saluni la kawaida linalolala Kampala na kwenda kijijini wakati wa Krismasi, inchi 16 ndiyo kikomo cha busara. Ya 17 ni kwa anayejua njia zake. Ya 18 tunaifunga ukitaka, na baadaye tunakuona tena ukija kunyoosha.

Nikinunua rimu zilizotumika, nikague nini?

Kwanza tafuta alama ya JWL, ambayo ni ya kiwango cha Japani kwa rimu za aloi za magari madogo. Alama peke yake inaweza kuigizwa, kwa hiyo endelea. Iviringishe rimu sakafuni iliyo sawa uitazame kwa mbele. Ikicheza kama sahani, imepinda. Kisha itundike kwa kidole kupitia tundu la katikati uigonge kwa mpini wa nyundo. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Huu si ushahidi wa maabara, ila umetuokoa mara nyingi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa nne zinazong'aa, nikazifurahia hadi nilipoziondoa rangi. Mojawapo ilikuwa imechomelewa ndani kwa urefu wa kiganja, ikafunikwa pati ya kujazia mashimo, ikapigwa msasa na kupakwa fedha. Tangu siku ile natazama upande wa ndani kabla ya upande wa nje. Sumaku haikusaidii hapa: itakuambia kama rimu ni chuma au aluminiamu, lakini pati juu ya aluminiamu haiioni, kwa kuwa sumaku haishiki chochote kati ya hivyo viwili. Kucha inasaidia zaidi. Pitisha kucha polepole kwenye ukingo wa ndani. Panapobadilika kutoka baridi na laini kuwa vuguvugu na mbaya kidogo, simama hapo.

Rimu yenye ufa hatuipaki rangi, hata mwenye mali akasirike.

Naweza kupaka rangi rimu mwenyewe nyumbani?

Unaweza, kwa makopo ya kupuliza, na ukifanya kwa subira huenda ikashinda kazi ya fundi mwenye haraka. Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi. Kupuliza ni mchezo wa mwisho.

Osha kwa sabuni, suuza, kausha. Kisha futa mafuta kwa kitambaa safi chenye thina, na ubadilishe kitambaa kinapochafuka, vinginevyo unahamisha mafuta kutoka huku kwenda kule. Mafuta ya kung'arisha matairi mara nyingi yana silikoni, na tone moja likibaki rangi itakimbia pale na kuacha vijishimo kama macho ya samaki. Piga msasa namba 320 penye mikwaruzo na 400 kote, hadi mng'ao wote ufe. Penye ukungu mweupe wa kutu ya aluminiamu, ukwangue mpaka uone chuma kisafi, kwa sababu ukiupakia rangi utaendelea kula chini kwa chini na rangi itavimba.

Kama hutaki kutoa tairi, toa upepo kidogo, kisha chomeka karata za kuchezea kati ya tairi na ukingo wa rimu, moja ikilalia nyingine, kuzunguka kote. Ni nzuri kuliko utepe: zinaingia ndani ya ule mfereji na rangi inafika mahali ambapo jicho hufika. Pakiti moja hutosha gurudumu moja. Ziba valvu pia.

Praima ya aluminiamu, yaani rangi ya chini ya kushikia, kwanza, tabaka mbili nyembamba. Rangi tatu au nne nyembamba, kila moja ikisubiri dakika kumi hadi kumi na tano. Laka isiyo na rangi mbili au tatu juu yake. Usipulize asubuhi kuna ukungu au mvua ikinukia, kwani unyevu hufanya laka iwe na weupe kama maziwa. Miezi ya Machi hadi Mei tunaanza kupuliza saa nne au tano asubuhi, jua likishakausha hewa. Na usipulize kando ya barabara ya vumbi. Jirani yangu alifanya hivyo, akapata rimu zenye ngozi ya msasa.

Acha zikae siku nzima kabla ya kufunga, na kwa wiki ya kwanza zioshe kwa maji matupu.

Kuna mahali ambapo rangi haitakiwi?

Ndiyo. Kwenye viti vya nati, yaani pale nati inapokalia rimu, na ule uso wa nyuma unaokaa kwenye habu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilipaka vyote, nikaona ni usafi. Mteja alikwenda Jinja na kurudi, akaniita nje bila kusema neno, akachukua nati kwa vidole viwili akaizungusha. Rangi ilikuwa imesagika chini ya nati, nafasi ikabaki, mkazo ukaisha. Sikulala vizuri usiku ule. Siku hizi tunakata vifuniko vya karatasi ngumu kwa kila tundu, na hakuna gurudumu linalotoka hapa bila kukazwa kwa spana ya kupimia; kwa saluni nyingi za Toyota ni niutoni mita 103. Rudi baada ya kilomita 50 hadi 100 tukaze tena, bure.

Rangi ya unga ni nini, na inazidi ya kupuliza kwa nini?

Ni unga mkavu unaopulizwa ukiwa na chaji ya umeme, ukaganda kwenye chuma, kisha ukaokwa kwenye tanuri la nyuzi kati ya 180 na 200 kwa muda mfupi hadi uyeyuke na kuwa ngozi moja. Inastahimili mawe kuliko rangi ya kupuliza ya kawaida. Ila muulize fundi kama tanuri lake lina kipimo cha joto. Aloi hupata nguvu zake kwa joto lililopangwa kiwandani, na kuichoma kupita kiasi ni kuilainisha. Anayeoka kwa moto wa kuni wa kukisia, mshukuru uondoke.

Na ile rangi ya mpira inayobanduliwa?

Plasti Dip na nyinginezo za aina hiyo zinafaa kwa mtu asiye na hakika na rangi anayoitaka. Paka tabaka tano au zaidi. Ikiwa nyembamba, siku ya kuibandua itatoka vipande vipande kama ngozi ya nyanya na utajuta. Petroli huiyeyusha, na bomba la maji yenye nguvu likielekezwa ukingoni huinyanyua. Waambie vijana wa kuosha magari mapema.

Kromu je?

Nzuri mwaka wa kwanza. Ikishapasuka na maji kuingia hubanduka kwa magamba makali yanayokata vidole, na hakuna rangi inayoshika juu yake bila kuondolewa yote.

Rangi gani haionyeshi uchafu?

Kijivu cha bunduki. Nyeusi inayong'aa hupendwa sana na vijana, lakini kwa vumbi letu jekundu inaonekana chafu kabla hujafika nyumbani. Nyeupe inapendeza kwenye gari la bluu, kwa mtu mwenye muda wa kuosha kila jioni. Dhahabu kwenye Subaru ya bluu sina neno nayo, kila mtu na mapenzi yake.

Spesa, zile sahani za kuweka kati ya rimu na habu ili magurudumu yatoke nje, mnafunga?

Zile za sahani nyembamba zinazopunguza uzi wa nati, hapana. Zile nene zenye stadi zake, tutazitazama kwanza.

Naogopa kuibiwa. Nifanyeje?

Nati za kufuli, moja kwa kila gurudumu. Ufunguo wake uwe ndani ya gari mahali unapopajua, na namba yake iandikwe nyumbani. Tumeshawapokea watu walioletwa na gari la kuvuta kwa pancha tu, ufunguo ukiwa kabatini Mbale. Wengine huchonga namba ya gari kwenye rimu kama wanavyochonga kwenye vioo na taa. Ichonge upande wa ndani, kwa kina kidogo sana, mbali na ukingo.

Polisi wa trafiki watanisumbua?

Kwa rangi, hapana. Kwa matairi yanayokwaruza madigadi, nati pungufu au tairi lililoisha meno, wana haki, kwa sababu gari lenye hali mbovu ya kimitambo barabarani ni kosa. Taa za bluu zinazomulika ndani ya magurudumu ziache kabisa. Bluu ni ya magari ya dharura. Nyekundu mbele nayo huwachanganya wanaokuja, maana hudhani wanaona mkia wa gari.

Naweza kupaka rangi breki zinazoonekana kati ya aloi?

Kalipa (ile sehemu inayobana pedi) na dramu, ndiyo, kwa rangi ya kustahimili joto. Diski na pedi zisiguswe hata na tone.

Matairi niyang'arishe kwa kitu gani?

Kwa chochote kisicho dizeli wala oili chafu. Najua wanaoosha magari hupaka dizeli au oili chafu na tairi linatoka jeusi kama lami. Mafuta hayo hula mpira, na baada ya miezi utaona nyufa ndogo ubavuni. Tumia dawa ya kung'arisha iliyotengenezwa kwa maji, kwenye ubavu pekee. Ukipaka kwenye meno ya tairi, kona ya kwanza itakukumbusha.

Mnapamba bodaboda na baiskeli?

Kwa furaha. Bodaboda ilianzia kwa baiskeli mpakani Busia, na wazee wa kule walijua mapambo kabla yetu: shanga za rangi kwenye spoku zinazolia gurudumu likizunguka, na kile kikanda cha brashi kwenye habu ambacho hucheza chenyewe na kuisugua ibaki inang'aa. Kwa pikipiki za sasa tunaweka mirija ya rangi kwenye spoku na utepe unaoakisi mwanga kwenye ukingo. Utepe ndio ninaoupendekeza zaidi, usiku unaonekana kutoka ubavuni. Kabla ya mirija tunakaza spoku zote, kwa kuwa zikishavaa hutazigundua zilizolegea.

Nina lori. Kofia za kromu za nati zina ubaya?

Zinaficha. Nati iliyolegea kwenye lori hutoa mstari wa kutu unaotoka kwenye nati kwenda nje, na dereva mzoefu huuona akizunguka gari lake asubuhi. Ukiifunika, umejifunga macho. Kama unazipenda, zitoe kila safari ukague. Au weka vile vishale vya plastiki vya manjano: vikielekezana vyote, nati hazijasogea. Nami naviona ni pambo zuri kuliko kromu.

Kazi inachukua siku ngapi, na bei?

Magurudumu manne ya kupuliza, siku mbili hadi tatu, moja ikiwa ya kukauka. Bei hupandishwa na kunyoosha, kuondoa rangi ya zamani na ukubwa wa inchi. Rangi yenyewe ni sehemu ndogo. Hatutoi bei kwa picha ya simu, kwa sababu picha haionyeshi mgongo wa rimu.

Naweza kuja na rangi yangu mwenyewe?

Karibu nayo. Tutaijaribu kwanza nyuma ya rimu moja, juu ya praima yetu, na kuiacha hadi kesho yake. Ikikunjamana, utaiona wewe mwenyewe kabla hatujaigusa sehemu ya mbele, na kopo lako utarudi nalo.